Kiti cha magurudumu na chombo cha bahari: ulizeni maji kabla ya bei

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme na wenye boti, wenye nyumba za wageni na wasafiri wenyewe. Kila msimu wa wageni, hapa gatini Lamu, jambo ni lile lile. Mtu wa kiti cha magurudumu ameshalipia matembezi ya bahari, amefika na kofia yake na chupa ya maji, na mashua aliyoikodi inaelea mita mbili chini ya miguu yake. Hapo ndipo fujo huanza. Huyu anasema abebwe mgongoni, yule anasema arudi kesho, na wa tatu ameshaongeza bei.

Watu wa nje hudhani kinachomshinda mtu wa kiti Lamu ni vichochoro. Si kweli hata kidogo. Kiti cha kusukumwa kwa mkono kina upana wa sentimita 60 hadi 70, na Ndia Kuu, njia kubwa ya mji, hukipitisha bila taabu, almuradi asitokee punda mwenye shogi mbili za mawe kutoka upande wa pili. (Punda hapishi. Atakayerudi nyuma ni wewe.) Mitaro na vizingiti vinaudhi, lakini vipo palepale kila siku na mtu huvizoea. Kikwazo chenyewe ni hatua moja tu, ya kutoka gatini kuingia chomboni, na hatua hiyo haina kipimo. Saa hii ni ya shubiri moja, baada ya saa sita ni ya mita tatu. Wala haina njia ya kuizunguka: ndege hutua kisiwa cha Manda, magari huishia Mokowe upande wa bara, na kote huko ni lazima uvuke maji. Anayekuja kwa Maulidi na anayekuja kwa likizo wote hupita mlango huo mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza maji.

Kwenye bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kwenye maji mafu, siku za maji madogo, tofauti hushuka hadi kama mita 1. Hayapandi kwa mwendo mmoja. Ukiigawa tofauti yote mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Maana yake, kwenye bamvua la mita 3, saa ya tatu na ya nne maji hubadilika sentimita 75 kwa saa. Mkitumia dakika 20 kubishana nani ashike wapi, ukingo wa chombo umeshaondoka sentimita 25 mahali ulipokuwa, na ubao mliouweka sawa umekuwa mteremko. Lakini saa moja kabla ya maji kujaa na saa moja baada ya kujaa, mabadiliko ni sentimita 25 kwa saa nzima. Hizo saa mbili ndizo za kumpakia mtu na kumshusha. Nyingine zote ni za kusafiri au kungoja.

Saa hizo hujulikana kwa mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwetu maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka karibu na saa nne asubuhi. Kila siku husogea mbele kama dakika 50. Sasa tazama ratiba ya matembezi tunayowauzia wageni: staftahi, kisha kuondoka saa tatu au saa nne. Katika siku za bamvua, hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa mtu wa kiti, kwa sababu chombo kiko chini kabisa na ngazi zilizo wazi ni zile zenye utelezi. Mtu huyohuyo akija tarehe 9 au 10 ya mwezi wa Kiislamu, au 23 na 24, atakuta maji yanajaa karibu na saa tano asubuhi, tena ni maji mafu, hayana haraka. Kasoro ya maji mafu ni moja: hayafiki juu kama ya bamvua, kwa hiyo chukueni chombo chenye ukingo mrefu kidogo. Saa halisi ya siku yenyewe itazameni kwenye jedwali la maji. Nahodha asiyeweza kukwambia kesho maji yanajaa saa ngapi, mshukuru uende kwa mwingine.

Upepo nao una neno lake. Kusi ikikaza, Juni na Julai, mkondo wa mbele ya mji huchafuka mchana na chombo hugongagonga gati. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, kuna utulivu zaidi, hasa asubuhi.

Tuje kwenye kupakia. Ukingo wa chombo ukiwa juu au chini ya gati kwa kisichozidi sentimita 15, hakuna haja ya kumbeba mtu. Kinachohitajika ni ubao wa kuhamia. Kipande cha plaiwudi ya milimita 18, urefu sentimita 75 na upana 25, kilichopigwa msasa na kuviringwa pembe, kinatosha. Fundi yeyote atakikata kwa nusu saa. Kisipakwe rangi ya kunata, pakeni vanishi. Chombo kifungwe omo na tezi, yaani mbele na nyuma, na tairi kuukuu ziwe katikati yake na gati. Kiti kisogezwe kwa mshazari ukingoni, magurudumu madogo ya mbele yageuzwe yatazame mbele ili kiti kisipinduke, kisha breki zote mbili. Vikanyagio vya miguu vichomolewe au vigeuzwe pembeni, na mkono wa kiti wa upande wa bahari uondolewe. Ncha moja ya ubao iingie chini ya paja, nyingine ikae kwenye kibao cha chombo si chini ya shubiri moja. Mtu mmoja awe chomboni, amepiga magoti mbele yake, mwingine nyuma ameshika kiuno au mshipi wa suruali. Anayehesabu moja, mbili, tatu ni mwenye kiti mwenyewe. Yeye ndiye anayejua upande gani una nguvu na goti lipi halikunjiki. Mabaharia wakihesabu wao, kila mmoja huvuta kwa hesabu yake.

Spidiboti ikipita, simameni. Mawimbi yake hufika gatini baada ya boti yenyewe kupotea machoni, na watu wengi huanza kusogea wakati huo huo, wakidhani imeshapita.

Tofauti ikizidi sentimita 15, hadi 60 hivi, ubao hautoshi. Mbebeni kwa watu wawili wenye kimo kinacholingana. Wa nyuma apitishe mikono chini ya makwapa na kushika vigasha vya mwenye kiti vilivyokunjwa kifuani, si kumvuta kwa makwapa yenyewe. Mabega ndiyo miguu yake, ukiyategua umemlaza miezi. Wa mbele ashike chini ya magoti. Zaidi ya hapo, ngojeni maji. Ikiwa haingojeki, kwa mfano ndege inaondoka, basi ateremshwe ngazini akiwa ndani ya kiti: uso mbele, kiti kimeinamishwa nyuma juu ya magurudumu makubwa, mmoja juu ameshika vishikio, mmoja au wawili chini wameshika fremu. Fremu, ile iliyochomelewa. Mikono ya kiti huchomoka, vikanyagio huchomoka, na gurudumu huzunguka. Ajali nyingi za ngazini huanzia hapo: mtu mwenye nguvu zake kashika kitu ambacho kiliundwa kichomoke. Na ngazi za chini ambazo maji huzifunika kila siku zina ukungu wa kijani. Hapo kiti kisiteremshwe hata mkiwa sita.

Akishakuwa chomboni kuna kosa moja ambalo hufanywa kwa nia njema, nalo ndilo la hatari kupita yote. Watu humrudisha kwenye kiti chake, kiti wakakifunga kwa kamba kwenye mlingoti, na yeye wakamfunga mkanda ndani ya kiti ili asianguke. Chombo kikipinduka, huyo hatoki. Msimfunge mtu kwenye kiti, wala kiti chenye mtu kwenye chombo. Kama bahari ni mbaya kiasi kwamba hawezi kukaa bila kufungwa, basi bahari hiyo si ya matembezi.

Mahali pake ni chini, katikati ya chombo, juu ya godoro, mgongo umeegemea kibao au mtu. Asikae kwenye ule ubao wa nje ambao vijana hupanda kukipa chombo uzani wakati wa mashindano, hata akiomba. Nahodha akitaka kupiga bisha, yaani kugeuza chombo dhidi ya upepo, amwambie mapema, kwa sababu foromali (mti unaobeba tanga) inapohamishwa chombo hulala upande wa pili, na mtu ambaye misuli ya kiwiliwili haimshiki huporomoka kama gunia. Baharia mmoja akae upande wa chini yake mpaka tanga litulie. Mashua ya Lamu ikikaza mwendo hulala kweli. Kwa mtu kama huyo punguzeni tanga au pigeni mashine.

Jaketi la kuokolea avae kabla ya kuhama kutoka kitini, kwani palepale penye pengo kati ya gati na chombo ndipo watu huanguka. Liwe na ukanda unaopita katikati ya mapaja. Miguu iliyopooza huelea, mgongo hujikunja, na jaketi lisilo na ukanda huo hupanda hadi masikioni huku uso ukibaki majini. Mjaribu kwenye maji ya kiuno kabla ya safari ndefu, mwone anageuka vipi.

Kiti chenyewe kikunjwe, kifungwe peke yake, na kifungiwe dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kilichokazwa. Kikidondoka baharini, dumu litakishikilia kiti cha kilo 15 juu ya maji. Bila dumu utamtafuta mpiga mbizi.

Mto wa kukalia usibaki kitini, uende na mwenye kiti. Mtu asiyehisi matako hajui kwamba amekalia msumari au fundo la kamba, na kidonda cha kukandamizwa kikishaanza kinaweza kuchukua miezi kupona. Kila baada ya nusu saa, au mapema zaidi, ajiinue au ainamishwe kando dakika moja mbili. Ubao wa chombo uliopigwa na jua la saa saba humuunguza naye asijue, kwa hiyo tandikeni kikoi chini ya mapaja na visigino. Aliyevunjika uti wa mgongo juu, usawa wa kifua kwenda shingoni, hatoki jasho vizuri chini ya jeraha, na joto humjaa mwilini. Awe chini ya turubai, na chupa ya kupulizia maji usoni na mikononi. Akiumwa kichwa ghafla kama kupasuka, uso ukawa mwekundu na jasho likamtoka juu tu, mketisheni wima mara moja, legezeni kila kilichombana, na tazameni mpira wa mkojo kama umejikunja au mfuko umejaa. Msimlaze. Shinikizo la damu lake limepanda kwa hatari, na kama halishuki geuzeni chombo muwahi hospitali.

Haja ndogo ni swali ambalo wenyeji tunaona haya kuliuliza, na mgeni naye huona haya kulisema, matokeo yake hanywi maji siku nzima kwenye jua. Ulizeni. Pazia la khanga mbili na ndoo yenye kifuniko huondoa tatizo zima.

Mchanga wa ufuko wa Shela una kanuni yake. Magurudumu madogo ya mbele huzama, kwa hiyo kiti huvutwa kinyumenyume, mwenye kiti akitazama alikotoka, au huinamishwa nyuma na kusukumwa kwa yale makubwa. Punguzeni upepo wa mipira ya nyuma hadi kidole gumba kibonyeze kidogo, na muwe na pampu ya kuujaza tena. Piteni karibu na maji, penye mchanga mgumu, na muende maji yakiwa yamekupwa. Hapo ndipo maji ya gatini na maji ya pwani yanapogombana: saa nzuri ya kupakia ni saa mbaya ya kutembea ufukweni. Safari ya siku moja kwenye bamvua hutakiwa iondoke alfajiri kama saa kumi na moja maji yakiwa juu, ufuko saa nne yakiwa yamekauka, kurudi saa kumi jioni. Wageni wachache hupenda kuamka saa hiyo, lakini wakiambiwa sababu huamka.

Jioni kiti kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikaushwe, beringi zitiwe mafuta. Chumvi iliyolala usiku mmoja huanza kula, na gurudumu la mbele likianza kulia ni kwamba imeshaingia. Msikioshe kwa maji ya kasi ya bomba. Huisukuma chumvi ndani.

Kiti cha umeme ni habari nyingine. Vingi vina kilo 50 na vingine hupita 100, havipiti ngazini wala havifai kwenye mashua. Kwa Lamu njoo na cha mkono. Ukisafiri kwa ndege na kiti chenye betri ya lithiamu inayochomolewa, kanuni ya ndege ni betri moja isiyozidi wati-saa 300, au mbili zisizozidi 160 kila moja. Andika namba hiyo kwenye karatasi na uwaambie kabla ya siku ya safari, pamoja na urefu, upana na uzito wa kiti, kwa kuwa ndege zinazotua Manda nyingine ni ndogo na mlango wa mizigo nao ni mdogo.

Wapo pia wanaofikiria likizo ya meli kubwa ya kitalii, zile zinazofunga Mombasa, kwa imani kwamba huko kila kitu ni sawa sakafu. Ndani ya meli, ndiyo, lifti zipo. Lakini mlango wa chumba cha kawaida mara nyingi hauzidi sentimita 60, na kiti chako ni 65. Vyumba vyenye mlango mpana wa sentimita 80 na bafu lisilo na kizingiti ni vichache na huisha mapema, kwa hiyo uliza namba ya chumba na kipimo cha mlango kwa maandishi, usikubali neno “kinafaa” peke yake. Uliza kila bandari: meli inafunga gatini, au inatia nanga nje na watu kushushwa kwa boti ndogo? Palipo na boti ndogo, kampuni nyingi hazishushi kiti cha umeme, na nahodha akiona mawimbi anaweza kukataa hata cha mkono. Unaweza kulipia bandari sita ukakanyaga mbili. Hata kwenye gati, daraja la kushukia huinuka na maji. Mombasa nako kuna bamvua. Na uliza, siku ya dharura lifti zikizimwa, nani amepangiwa kukuteremsha na kwa kifaa gani.

Kwa wakuu wa gati tuna ombi lenye vipimo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali na usafiri wa umma, na kwa Lamu usafiri wa umma ni boti. Jukwaa linaloelea lingetosha, lakini lisijengwe kwa kukisia. Mteremko wa kiti ni moja kwa kumi na mbili, yaani mita 1 ya kupanda kwa kila mita 12 za urefu. Maji yakishuka mita 3 ungehitaji daraja la mita 36 kutoka gatini hadi jukwaani, jambo ambalo hatulidai. Daraja la mita 12 huwa moja kwa nne maji yakikauka, yaani ukuta. Hata maji yakiwa nusu bado ni moja kwa nane. La mita 18 hutimiza moja kwa kumi na mbili kutoka maji ya nusu kwenda juu, ambayo ni karibu saa sita katika kila kumi na mbili. Saa sita zenye uhakika, zikiandikwa ubaoni kila asubuhi pale gatini, zinatosha kumpangia mtu safari yake. Daraja liwe na upana wa mita 1.2, ukingo wa sentimita 10 pande zote mbili gurudumu lisichomoke, na sakafu yenye kukwaruza.

Fedha za hilo huenda zikachukua miaka. Wakati tunangoja, wenye boti waache kutoza kiti kama mzigo, na ule ubao wa plaiwudi utundikwe gatini kwa kamba fupi, tuseme mita moja na nusu, la sivyo wiki haitaisha utaukuta umegeuzwa kuwa meza ya kupasulia samaki.

Ni sisi watumiaji wa viti vya magurudumu na mabaharia,
Lamu